Wosia Juu ya Boneti

Mji mzima ulimwita Breki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo kwenye leseni yake, lakini ukimtafuta kwa jina hilo ungezunguka mpaka viatu viishe soli na asitokee wa kukuonyesha mlango. Ukisema Breki, hata mtoto angekunyooshea kidole. Miaka nenda miaka rudi aliketi kiti cha pembeni katika gari lake dogo jeupe, mguu juu ya breki ya mwalimu, akiwafundisha watu kuendesha: wauguzi, wenye maduka, maharusi wapya, hata daktari mmoja aliyekuwa akifumba macho kila akikutana na lori. Neno alilolitamka kuliko yote ndilo lililokuwa jina lake.

Hakuolewa. Alisema mwenyewe kwamba wachumba hawakukosekana. Walikuja wawili, akampa kila mmoja somo la kwanza la gari, na tabia ya mwanamume, alisema, haijifichi kwenye makutano ya barabara.

Aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake. Huyu naye alikuwa na jina la mtaani: Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea na watu, akikosa watu aliongea na sufuria, na sufuria zikiwa safi kabatini aliongea na redio, tena akiibishia. Kaka yake Breki alipofariki, Chiriku alikuwa bado mwanamke kijana. Maziko yalipokwisha na wageni walipotawanyika, alifunga sanduku lake ili arudi kwao. Breki akamkuta ukumbini, amelikalia sanduku, anangoja kupambazuke vizuri.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Aliyenileta hapa hayupo tena."

Breki alilitazama lile sanduku. Kisha akauliza, "Na simu za ofisini atapokea nani?"

Shule ya udereva wakati huo ilikuwa na simu moja, na simu hiyo ililia mara chache sana. Lakini Chiriku aliinuka, akalifungua sanduku, akarudisha nguo zake kabatini. Tangu siku ile hapakuwa na mazungumzo mengine juu ya kuondoka. Walizeeka pamoja, mmoja akisema maneno kumi, mwenzake akijibu moja, na aliyewasikia kwa mara ya kwanza alidhani wanagombana.

"Wifi ni wifi tu, hata ukimpikia asali," Chiriku angesema.

"Asali haipikwi," angejibu Breki, nayo ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi.

Kisha ugonjwa ukaingia mjini, ule wa kifua, wa kuambukizana kwa pumzi. Masoko yakafungwa, shule zikafungwa, na gari dogo jeupe likaegeshwa kwenye banda lake nyuma ya nyumba. Breki alianza na kikohozi alichokiita vumbi. Vumbi likawa homa. Wakaja watu wa afya na mavazi yao meupe, wakampima, wakarudi kesho yake na majibu. Afisa wa afya akabandika karatasi kwenye geti: hakuna kuingia, hakuna kutoka, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mgonjwa abaki chumbani mwake. Anayemhudumia avae barakoa, aweke chakula mlangoni, agonge, aondoke.

Chiriku aliweka kigoda nje ya mlango wa chumba cha Breki, na juu ya kigoda chai, uji, maji ya moto. Aligonga, lakini kuondoka hakuondoka. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaketi sakafuni barazani, akaongea na mlango.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Kijiko sijakisikia."

Breki aligongesha kijiko kwenye bakuli ili apate amani.

Sasa, Breki alikuwa na ndugu mmoja aliyebaki, wa baba mmoja na mama mbalimbali, aliyeishi mji mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na namna yake ya kupiga simu: wengine huuliza habari za watoto, yeye aliuliza habari za nyumba. "Hujambo dada? Bati halivuji? Ukuta ule wa nyuma umeupiga lipu?" Aliposikia kwamba dada yake ni mgonjwa, alipiga asubuhi, akapiga tena jioni.

"Dada, zile hati za nyumba umeziweka wapi? Siombei mabaya. Ila isije ikawa tabu baadaye."

"Tabu gani?"

"Si unajua, yule mama anayekaa hapo. Atahitaji kupewa muda wa kutafuta pa kwenda. Lazima mtu ayapange haya mapema, kwa ustaarabu."

Breki alikata simu. Alilala akitazama dari. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Chiriku akimkaripia kitunguu kwa kumtoa machozi. Nyumba ile Breki aliinunua kwa jasho la mguu wake mmoja, kama alivyopenda kusema, na hati ilikuwa kwa jina lake. Alijua sheria ya kwao inavyokwenda mtu akifa bila wosia: inafuata damu. Mjane wa kaka si damu. Sheria ingepita mlangoni pa Chiriku kama mtu anayepita mlango wa nyumba asiyoijua.

Asubuhi alimpigia wakili. Wakili yule alikuwa mwanafunzi wake zamani, binti aliyepata kuligonga pipa la taka la manispaa, akashuka, akaliomba radhi pipa lenyewe. Siku hizi alikuwa na ofisi yake na miwani mikubwa.

"Mwalimu! Unaendeleaje?"

"Napumua. Nataka kuandika wosia. Na nataka uwe wosia kweli, siyo karatasi."

Sauti ya wakili ikawa ya kazini. Akamweleza. Wosia uandikwe. Mwenye wosia awe na akili timamu, asiwe amelazimishwa na mtu. Autie sahihi mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, wote wawili wamwone akitia, na wao watie sahihi zao mbele ya macho yake.

"Kwa simu ya video je? Dunia nzima siku hizi iko kwenye simu."

"Sheria yetu haijafika huko, mwalimu. Inataka macho, haitaki skrini. Shahidi mmoja nitakuwa mimi. Wa pili mtafute wewe, lakini sikiliza vizuri: asiwe mtu anayepata chochote katika wosia. Anayerithi akishuhudia, urithi wake unakwenda na maji."

Breki alikohoa, akasema amesikia: wosia, mashahidi wawili.

Nje ya mlango, Chiriku alikuwa amekuja na uji. Hakusikia yote. Mlango ulikuwa mnene, na wakili alikuwa ndani ya simu. Alichosikia ni Breki akisema "mashahidi wawili" na "wosia". Uji ukatua kwenye kigoda kwa kishindo.

"Wosia wa nini? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Ni mambo ya kuweka sawa."

Chiriku alivuta pumzi chini ya barakoa yake. Halafu akajikaza, maana alikuwa mtu wa kazi. "Haya. Kama ni shahidi, mimi nipo hapa. Sahihi yangu nzuri kuliko yako. Nipe kalamu."

"Wewe hapana."

"Hapana vipi?"

"Hapana. Nitamwomba fundi."

Fundi ni jirani yao wa upande wa kushoto, mchomeleaji wa vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda, na kelele za mashine yake zilikuwa zimemkosanisha na Chiriku kwa miaka isiyo na idadi. Chiriku alimwita Radi. Kila alipoanika nguo, Radi aliwasha mashine. Kila redio ilipofika kwenye habari, Radi alikata bomba. Na leo, yeye aliyemfulia Breki mashuka, aliyemkanda mgongo, aliyempokelea simu tangu ujana, anaambiwa hapana, na Radi anaambiwa karibu!

"Sawa," alisema. "Fundi. Sawa."

Akaenda jikoni, na nyumba ikanyamaza. Mchana ule chakula kiliwekwa mlangoni, pakagongwa, na hakuna aliyeketi barazani. Breki aligongesha kijiko kwenye bakuli kwa nguvu zake zote, lakini hakujibiwa na mtu.

Angeweza kumwambia. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini Breki alijua kuwafundisha watu kupanda mlima kwa gia ya kwanza, na kusema neno la upole uso kwa uso kulimshinda, hata mlango ukiwa katikati. Tena alimjua wifi yake: akiambiwa, angelia, angekataa, angesema nyumba wapewe maskini, na siku tatu zingepita bila chochote kutiwa sahihi.

Wakili aliandika wosia kama alivyoelekezwa kwa simu, akaja nao, akaupitisha chini ya geti ndani ya bahasha iliyobandikwa. Dirisha la chumba cha Breki lilitazama uani, na ng'ambo ya ua ulikuwa ukuta wa nje. Walipanga hivi: Breki atasimama dirishani na kutia sahihi, wakili na fundi, ambao hawaruhusiwi kuvuka geti, watapanda ngazi ya fundi nje ya ukuta na kumtazama.

Walipanda, bega kwa bega, kama watu wanaochungulia mpira bila tiketi. Breki akasimama nyuma ya nondo na wavu wa mbu, akaiweka karatasi juu ya kizingiti, akaandika jina lake. Akainua kichwa.

"Umeona?" wakili akamwuliza fundi.

Fundi alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa maneno machache nje ya mashine yake. "Nimeona kichwa. Na kitambaa cha kichwani."

"Na mkono?"

"Mkono sijauona. Jua limeupiga wavu."

"Hata mimi," wakili alikiri. Akapaza sauti kuelekea dirishani. "Mwalimu, hatukuona kalamu!"

"Semeni mmeona!" Breki alijibu kwa sauti iliyokwaruza. "Si mnanijua? Nani mwingine atakuwa humu ndani anaandika?"

"Kukujua nakujua, mama," fundi alisema. "Lakini siku moja nitaulizwa, na wewe hutakuwepo kunisaidia kujibu. Siwezi kuapa kwamba nimeona nisichokiona."

Wakili akamwambia Breki aichane ile karatasi. Ataandaa nyingine.

Siku hiyo homa ilipanda. Chiriku, pamoja na hasira zake zote, alipita mlangoni mara nyingi kuliko kawaida, akisikiliza kikohozi kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati bovu. Alimwita muuguzi kwa simu, akafuata kila alichoambiwa, akapitisha dawa na maji na vitambaa vya baridi. Lakini mdomo aliufunga. Breki alilala na ukimya ule, akauona mzito kuliko homa.

Asubuhi homa ilishuka kiasi, na Breki akaamka na wazo. Kwa nini ang'ang'anie dirisha lenye wavu, na yeye maisha yake yote amekaa nyuma ya kioo kisafi kuliko vyote mtaani? Akampigia afisa wa afya. Afisa akafikiri, akauliza, akapiga tena na kusema: mgonjwa akae ndani ya gari, vioo vimefungwa, na kiti chake kisivuke mstari wa geti. Boneti ikitokeza nje, boneti haina mapafu.

Kwa hiyo gari litoke bandani, lipite uani, lisimame getini, pua nje, mlango ndani. Kwa dereva yeyote ilikuwa kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa. Lakini Breki miguu ilikuwa ikimtetemeka. Asingeweza kuliondoa gari bandani, kwenye kona ile ya choo cha nje. Na ndani ya uzio ule palikuwa na mtu mwingine mmoja tu.

Chiriku alikuwa ameshindwa mtihani wa udereva mara nyingi kiasi kwamba mtahini alikuwa akimsalimia kama jirani. Klachi na yeye hawakuwahi kuelewana. Mwisho aliacha, akasema Mungu alimpa miguu kwa sababu maalumu.

"Wifi," Breki aliita kupitia mlango. "Nisaidie kulitoa gari."

Kisha funguo zikasikika zikitolewa msumarini.

Chiriku aliketi kwenye usukani, simu kwenye kiti cha pembeni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Breki aliegemea dirisha la chumbani, simu sikioni, akiliona gari likianza kunguruma bandani.

"Klachi mpaka chini. Gia ya kwanza. Sasa iachie polepole, kama unavyomfunika mtoto aliyelala."

Gari lilitoka likirukaruka, likapangusa ukuta wa choo bila kuumia, likaingia uani.

"Vizuri. Nyoosha usukani."

"Nimenyoosha," alisema Chiriku. Kwa kuwa sasa alikuwa amefungua mdomo, yaliyojaa yakatoka. "Nyumba hii nimeifagia mpaka ufagio umekuwa mkono wangu. Nimekuuguza, na ningekuuguza hata kama ungenifukuza. Nikuulize kitu kimoja, halafu nitanyamaza mpaka nife. Kwa nini Radi? Mtu ambaye hajui hata unakunywa chai ya namna gani?"

"Tazama mbele."

"Natazama mbele! Nauliza kwa mdomo, siulizi kwa macho. Huniamini?"

Breki aliufumba mkono wake kwenye nondo ya dirisha.

"Wifi. Shahidi hatakiwi awe mtu anayepata kitu kwenye wosia. Akishuhudia, anakosa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fundi anafaa. Fundi hapati kitu."

"Na mimi—"

Gari likatikisika mara moja na kuzima.

"Umeiachia klachi," Breki alisema kwa sauti ndogo.

Kupitia kioo, Breki alimwona Chiriku ameinamisha kichwa, mabega yanapanda na kushuka. Alingoja. Katika ufundishaji wake wote hakuwahi kungoja hivyo, bila kusema washa tena.

"Nyumba?" hatimaye simu ikauliza.

"Nyumba na vilivyomo. Saa ya ukutani ya baba nimempa ndugu yangu. Hiyo usiililie."

"Siitaki nyumba. Nakutaka wewe."

"Mimi siandikiki, wifi. Ningeandikika ningekuandikia."

Chiriku alijifuta uso kwa kanga mpaka barakoa ikahama ikaenda sikioni. Akacheka, akalia, akairudisha mahali pake. "Ungesema tangu juzi! Nimekunyima maneno bure, siku zote hizi. Unajua nilivyoteseka? Nimeyameza mpaka tumbo limevimba."

"Utayasema baadaye. Washa gari, wakili anakuja."

Safari hii gari lilitembea taratibu kama lililoelewa. Geti lilikuwa wazi. Boneti ikapita nguzo, ikatokeza uchochoroni, na reli ya geti ikaja karibu, karibu zaidi.

"Breki!"

Chiriku alikanyaga. Kioo cha mbele kilisimama sawasawa juu ya mstari, boneti yote nje, milango yote ndani. Alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, akashuka, akafungua vioo hewa ipite, akasimama akiitazama kazi yake. Dirishani, Breki alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Wakili alikuwa ameonya kwamba anayerithi asiwe karibu wakati wa sahihi, asije mtu baadaye akasema alisimama begani kwa mgonjwa. Kwa hiyo Chiriku akaingia jikoni, akafunga mlango, akafungua redio kwa sauti kubwa, ili hata yeye mwenyewe asiweze kujishuku.

Breki alitembea kutoka chumbani mpaka getini akishika ukuta, kisha kamba ya nguo, kisha ubavu wa gari. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akafunga vioo vyote. Nje, mbele ya boneti, walisimama wakili na fundi. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na suruali yenye mikunjo, na mfukoni ametia kalamu yake mwenyewe. Wakili alikwishaipitisha karatasi mpya chini ya geti asubuhi, na Breki alikuwa ameisoma mstari kwa mstari.

Walizungumza kwa simu, huku wakitazamana kupitia kioo.

"Mwalimu, unajua uko wapi?"

"Niko kwenye gari langu, kwenye kiti ambacho si changu. Changu ni kile cha pembeni."

"Umeusoma wosia huu?"

"Nimeusoma. Ukurasa wa pili umekosea kuandika jina la mtaa, nikapiga simu, ukarekebisha."

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Maisha yangu yote sijapata mtu wa kunilazimisha. Aliyejaribu ni mmoja tu, alitaka nivae sweta, na huyo yuko jikoni anaibishia redio."

Fundi akacheka, kisha akakumbuka alipo, akajikohoza. Alisogea mpaka magoti yakagusa bampa, akainama, macho yake yaliyozoea kufuata moto mdogo kwenye maungio ya chuma yakatua kwenye mkono wa Breki. Wakili akainama kando yake. Breki aliibandika karatasi juu ya usukani, akaikandamiza, akaanza kuandika jina lake refu, lile ambalo mtaa haukulijua.

Alipofika katikati, kiganja kikaibonyeza honi. Paaa! Breki mwenyewe akaruka. Madirisha yakafunguliwa uchochoro mzima; watu waliofungiwa ndani kwa siku nyingi, wenye njaa ya kuona lolote, wakatoa vichwa. Na kwa kuwa karibu wote walikuwa wanafunzi wake, na wakamwona amekaa kwenye usukani hai, wakaanza kupunga mikono na kupiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, honi mara moja inatosha!"

"Tulieni!" wakili akawaambia, mkono juu. "Mwalimu, malizia. Tunakuona."

Akamaliza. Akashusha kioo kidogo, wale wawili wakarudi nyuma mpaka ukuta wa pili, naye akatoa mkono wenye glovu akaibana karatasi chini ya waipa, akafunga kioo tena. Wakili akaja, akainyunyizia hewa dawa ya kuua vijidudu, akaichomoa karatasi na kuilaza juu ya boneti. Akatia sahihi. Kisha fundi, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizonyooka, moja baada ya moja. Muda wote Breki alikuwa akiwatazama kupitia kioo, na wao wakawa wakimtazama aone kwamba wanamwona.

"Imekuwa wosia?" aliuliza.

"Imekuwa wosia, mwalimu."

Breki aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Jikoni, redio ikazimwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kupanda na kushuka. Kulikuwa na asubuhi ambapo muuguzi alisikiliza kifua cha Breki na kuandika dawa nyingine. Lakini kifua kile kilikuwa kikaidi kama mwenyewe. Homa ikachoka, ikaenda. Siku afisa wa afya alipobandua karatasi getini, Chiriku alikuwa tayari ameweka sahani mbili mezani, uso kwa uso, na amekwisha kuanza kuongea kabla Breki hajaketi.

Baada ya chakula Breki alimpigia simu ndugu yake. Hakutaka mtu ajue mambo haya siku ya msiba.

"Saa ya baba ni yako," alimwambia. "Nyumba ni ya wifi."

"Yule mama? Dada, mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, nikiwa hai."

Ndugu alikasirika, akaacha kupiga simu kwa muda mrefu. Chiriku aliyasikia yote akiwa anaosha vyombo. Alirudi na kitambaa mkononi, akasimama nyuma ya kiti.

"Ningekuwa mdogo wako wa tumbo moja, ungeniandikia nini?"

"Nisingeandika," Breki alisema. "Isingehitajika."

Breki aliishi miaka mingine kadhaa, akarudi kwenye kiti chake cha pembeni, akawafundisha watu waliokuwa watoto wakati wa ugonjwa. Alifariki usingizini, kwa uzee tu. Ndugu yake alikuja kuzika, na baada ya maziko akauliza, kama mtu yeyote angeuliza, kama wosia wa mgonjwa ulioandikwa ndani ya gari ni wosia. Jambo likafika kwa msajili wa mirathi. Wakili akaeleza. Kisha akaitwa fundi, aliyekuja na shati lake jeupe.

"Uliona nini?" akaulizwa.

"Niliona mkono, kalamu na karatasi, vyote kwa pamoja. Nilimwona akitia sahihi, naye akaniona nikitia yangu. Mwenzangu huyu alikuwa begani kwangu. Kama mnataka wengine, iteni uchochoro mzima, honi ililia."

Msajili aliandika, akagonga muhuri.

Ndugu akalala usiku ule katika nyumba ile, maana basi lake lilikuwa la asubuhi. Chiriku alimtandikia chumba cha mbele, akampikia, akamweleza jinsi dada yake alivyokuwa siku za mwisho, alichokula, alichokicheka. Aliongea mpaka chakula kikapoa, na yule mwanamume, aliyekuja akiwa amebeba hoja zake, akajikuta analia mbele ya sahani.

Asubuhi Chiriku aliishusha saa ukutani, akaifunga kwa taulo mbili na kamba, akampa aibebe kifuani. Alimsindikiza mpaka getini. Mwanamume akasimama pale kwenye reli, saa imekumbatiwa kama mtoto mchanga.

"Shemeji," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nikipita huku siku nyingine, nitaruhusiwa kupiga hodi?"

"Hodi ya nini?" Chiriku akasema. "Njoo tu. Vyumba vipo, na mimi nina maneno mengi yamebaki."